Kitenge cha Noeli ambacho sikumkatia mjane wa mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, umeme umekwenda, simu ina chaji ya kutosha. Kwa hiyo leo nawaandikia.

Naona zile nyuzi za kila Desemba zimeanza tena. Huyu anasema Noeli ni ya kipagani. Yule anasema imegeuka biashara ya wauza nguo. Mwingine anauliza kwa uchungu kabisa, Mkristo wa leo anaipataje maana ya Noeli katikati ya kelele zote hizi.

Nimesoma comment zote mpaka macho yanauma. Theolojia mimi sina. Nilichonacho ni kisa kimoja cha mwaka jana, kilichonitokea mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza. Kama ningeweza kupunguza ningepunguza, maana mkosaji wa humu ndani ni mimi.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Nimekaa jukwaani humu miaka, Kiswahili chenu nimekizoea. Ila watu wangu nitawaacha waongee chetu cha Lubumbashi. Mama yangu akisikia nimemfanya aongee kama mtangazaji wa redio, atanicheka mpaka Pasaka.

Bon. Kwanza muwajue watu.

Mama yetu ana lupango mtaa wa Kamalondo, yaani ua wenye nyumba kubwa mbele na vyumba nyuma. Wajukuu wanamwita Kambo, yaani bibi, na sisi wengine tumeiga. Alizaa watatu. Mimi ni wa kwanza, mtaani wananiita Maman Nadège kwa jina la binti yangu. Wa pili alikuwa Donatien. Wa tatu ni Gustave.

Donatien alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu. Aliugua wiki mbili tu. Aliacha mke, Maman Grâce, na watoto wawili, Grâce wa miaka minane na Trésor wa miaka minne. Kuhusu kifo chake sitaandika zaidi ya hapo, bado siwezi.

Maman Grâce kwao ni Kilwa, kule kwenye ziwa Mweru. Ni mbali, na barabara yake msimu wa mvua ni balaa, lori linaweza kulala njiani siku mbili. Wajomba zake walimwambia kilio kikiisha arudi kwao na watoto. Hakuwajibu ndiyo wala hapana. Alisema ataamua baada ya Noeli.

Mama yetu aliposikia hivyo akaniita.

"Weye njo mukubwa," akaniambia. "Fanya Noeli ikuwe muzuri. Maman Grâce aone hapa njo kwake. Akienda Kilwa na batoto, miye sitabaona tena. Hii miguu yangu haifike kule."

Nikamjibu, "Mama, usiogope. Achia miye."

Kumbukeni nilimjibu hivyo.

Sasa, kwa wasiojua mambo yetu. Familia nyingi huku siku ya Noeli zinavaa kitenge kimoja, wakubwa kwa watoto. Ukiingia kanisani unaona benchi zima la maua yale yale, unajua hao ni watu wa nyumba moja. Hakuna haja ya kuuliza nani ni nani. Kitenge kinasema.

Kwetu kazi ya kuchagua kitenge, kugawa na kupeleka kwa fundi ni yangu, tangu baba yetu alipotutoka. Naifanya kwa ukali, sikatai. Ukichelewa kwenda kupimwa nakupigia simu mpaka unazima simu. Gustave ananiita Madame le Ministre.

Gustave mwenyewe ni kisa kingine. Yeye anasali kwenye kanisa la uamsho, na kila mwaka lazima atuhubirie kwamba Noeli haimo kwenye Biblia. Tarehe haimo, mti wa plastiki haumo, taa za kuwaka na kuzima ndiyo kabisa. Akimaliza kuhubiri anauliza mwaka huu kuku wako wangapi. Nampenda huyu kijana na nitampenda hadi nife, lakini ana mdomo.

Mimi ni Mkatoliki wa shirika, lile kundi la majirani wanaosali pamoja kila wiki. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya sikukuu, shirika letu lilinipa mada ya kuongoza. Mada yenyewe: maana ya Noeli kwa Mkristo wa leo. Serious, sitanii.

Niliandaa karatasi tatu. Nikaongea habari za Maria na Yosefu waliokosa nafasi. Nikasema Mkristo wa leo amejaza nyumba mapambo, nafasi ya mtu hakuna. Nikasema tusiwe wale waliofunga mlango. Wamama walipiga makofi, mmoja alitoa kitambaa akafuta machozi, nami nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Wakati nazisoma karatasi hizo, kitenge kilikuwa kwa fundi, na kilikuwa kimeshakatwa.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwezi wa kumi tulikaa kwa mama kupanga Noeli. Mimi, Gustave na mke wake, na baba zetu wadogo wawili na wake zao. Kwetu mjane katika mwaka wa kilio haguswi. Haombwi kuchangia, hapikishwi, haitwi kwenye mikutano ya sherehe. Ni heshima, na ni huruma pia. Kwa hiyo niliposema Maman Grâce tumwache apumzike, wote waliitikia. Mama pia aliitikia.

Nikaenda mbali zaidi. Nikafungua group mpya ya simu ya maandalizi bila yeye ndani, ili picha za vitenge na utani wetu visimuumize. Nilijiona mtu mwenye moyo mwema sana.

Halafu nikanunua kitenge. Chekundu cha rangi ya divai, na maua ya dhahabu. Kizuri hicho, wakuu, mpaka leo nasema kilikuwa kizuri.

Nikakipeleka kwa Papa Séverin, fundi wetu hapo hapo Kamalondo. Ana daftari la vipimo la miaka yote. Kwenye daftari hilo watu wa familia wameandikwa kwa nyumba, na kila nyumba ina jina la baba wa nyumba. Papa Nadège, watano. Papa Gustave, watatu. Ndivyo tunavyoandika tangu zamani, hakuna aliyewahi kuona shida.

Papa Séverin akafungua ukurasa wetu na kuuliza majina yote bado yapo vile vile. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari kwenye Papa Grâce. Nilikuwa nafuta jina la mdogo wangu. Nililia pale dukani na fundi akanipa pole.

Mambo ya nani mwingine alikuwa amekaa chini ya jina hilo sikuyawaza.

Siku ya Noeli ikafika. Misa ya asubuhi, kanisa limejaa mpaka nje. Sisi tulishika mabenchi mawili ya mbele, wekundu watupu, dhahabu inawaka. Watu wanageuka kututazama. Mimi nimenyoosha shingo, mnajua tena.

Wimbo wa kuingia umeisha, nasikia mlango wa pembeni. Naangalia.

Maman Grâce anaingia na watoto. Wametembea kutoka Katuba, mtaa wanakoishi, kwenye matope, viatu wameviosha bombani, bado vinadondosha maji. Na wote watatu wamevaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe.

Kile cha bluu ni cha familia. Ni cha Noeli iliyotangulia, ya mwisho aliyokuwa nasi Donatien.

Alisimama. Niliona macho yake yanapita kwenye mabenchi yetu, mtu kwa mtu, mpaka kwa mtoto wa mwisho. Halafu Grâce, na sauti ile ya watoto isiyojua kunong'ona, akasema, "Maman, bao banavala ingine."

Maman Grâce akamvuta karibu. Aliwashika mikono wote wawili akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na nguzo.

Mama yangu alikuwa ameshageuka. Ameona.

"Kitenge ya Maman Grâce iko wapi?"

"Nitakuambia, Mama."

"Iko wapi?"

Nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo. Gloria ikapigwa, kanisa zima linacheza, mama yangu amekaa. Mama huyu huyu ambaye kwenye Gloria wajukuu ndio humshikilia asianguke kwa kucheza.

Wakuu, mahubiri ya siku hiyo mkiniuliza, sijui neno hata moja. Nilikuwa natafuta uongo wa kusema nikitoka nje, na nikaupata.

Baada ya misa nikamfuata uani. Nikamkumbatia, nikawabusu watoto, nikasema bila kupepesa macho, "Maman Grâce, pardon. Ya kwenu iko kwa tailleur, hakumaliza. Batailleurs unabajua, kila mwaka njo vile."

Uso wake ulifunguka. Hapo ndipo iliponichoma.

"Ah, Yaya," akasema, kwetu ndiyo dada mkubwa, na akacheka kabisa. "Nilishaanza kuwaza mingi. Basi tutaivala mangaribi, ya picha."

Picha ya familia tunapiga saa kumi, uani kwa mama, kila mwaka. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nikamwambia mume wangu atangulie na watoto, mimi nina kazi ndogo. Nikaingia mitaa ya Kamalondo kwa miguu na viatu vyangu vya misa. Baa zimefungua muziki mapema, watoto wako barabarani na nguo mpya wanazuiana kukaa chini wasizichafue. Mimi natembea nimejifunga kanga kiunoni nisionekane nimependeza.

Papa Séverin anaishi nyuma ya duka lake. Nilimkuta anakula bukari, ugali wetu, na kuku pamoja na mke wake, amevaa singlendi. Fundi aliyevisha mtaa mzima mwenyewe hana shati jipya.

Nikamweleza. Watu watatu, mama na watoto wawili, kabla ya saa kumi. Kitambaa chochote kilichobaki.

Alinawa mikono polepole, akanipeleka dukani. Akatoa mfuko wa mabaki. Vilikuwa vipande vya vipande. Kikubwa kuliko vyote kingetosha kitambaa cha kichwa cha mtoto.

"Sasa nishone nini na hii, Maman?"

"Juu ya nini hukuniuliza, Papa Séverin? Unajua Donatien aliacha batoto."

Hakukasirika. Alichukua daftari, akafungua ukurasa wetu, akaliweka mbele yangu. Mstari ulikuwa pale juu ya Papa Grâce, mweusi, wa kalamu yangu. Chini yake bado vilikuwepo vipimo. Mke, mabega, kiuno. Grâce, urefu. Trésor, urefu. Mstari wangu ulikuwa umepita juu ya vyote.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilisema, na bale batatu? Weye ulikuwa unalia. Ulisema, mwaka huu bao hapana, tubaache bapumzike."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Nikakumbuka pale pale.

Nikakaa kwenye benchi la wateja. Mke wake akaniletea maji. Papa Séverin akarudisha vipande vyake mfukoni, kimoja kimoja.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu hila. Nimvue Nadège gauni lake nimpe Grâce. Nimpe Maman Grâce la kwangu, mimi niseme limechanika. Lakini nguo mbili haziwezi kuvisha watu watatu, na hata kama zingewatosha, angejua. Angevaa nguo ya kuvuliwa mtu mwingine, mbele ya familia nzima, na angesema asante. Wazo hilo lilinitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Nikaamua kusema kweli. Sikuamua kwa ushujaa. Niliishiwa njia.

Nilimkuta jikoni ya uani kwa mama, amejifunga kitambaa kiunoni juu ya kile cha bluu, anageuza sombe, yaani kisamvu, kwenye mbabula, jiko la makaa. Moshi unamfuata usoni. Wake za baba wadogo walimwambia akae, yeye amekataa.

"Si upumzike," nikasema.

"Nilichoka na kupumzika, Yaya."

Nikasogea. Nikasema haraka kabla roho haijarudi nyuma.

"Maman Grâce, nilikudanganya. Hakuna kitenge yako kwa tailleur. Sikuikata."

Aliendelea kugeuza sombe.

"Ya batoto?"

"Ya batoto pia. Nilifuta jina ya Donatien, nikabafuta na weye."

Akakung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Halafu akaongea akitazama sufuria, mimi hakuniangalia.

"Unajua juu ya nini tulivala ya bluu? Miye nilizania bote mutavala ya bluu. Hakuna muntu aliniambia kitu. Nikasema, mwaka ya kilio, hatutanunua mupya, tutavala ile Papa Grâce alivala na sisi. Batoto bamekomaa, haikubaenea tena. Nilishona siku tatu, nikaongeza kitambaa ku chini. Grâce alikuwa anaruka ruka. Anasema, Maman, tutafanana na bote."

Wakuu, nililia. Si machozi ya kujipangusa na kitambaa. Nililia kama siku ya mazishi, nimeshika nguzo ya jikoni.

Yeye hakunibembeleza. Hakuwa na deni hilo kwangu. Alisema, "Jihazari, sombe itaungua," akanisogeza kwa mkono, akaongeza maji.

Sasa nyuma yangu alikuwepo Gustave. Alikuja kuchungulia kuku kama kawaida yake, ana sahani mkononi. Amesikia yote. Akaweka sahani chini, na kuku yumo ndani. Miaka yote ya kumlea sijawahi kuliona hilo.

"Yaya," akaniita kwa sauti ndogo. "Ile ya bluu yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

"Kavale."

"Nini?"

"Kavale ile. Na miye naenda kuvala yangu. Bote bavale."

Akatoka. Nikamsikia uani anawaambia baba wadogo, anawaambia watoto, anapiga simu kwa waliobaki nyumbani. Huyu ndiye asiyeamini Noeli. Mimi mwenye karatasi tatu nilikuwa bado nimeshika nguzo.

Nilipopita mlangoni pa mama, alikuwa ameshatoka chumbani kwake. Yuko ndani ya bluu, kilemba na yote. Alikaa kwenye kiti chake mahali pa kupigia picha, akaweka mikono mapajani, akasubiri.

Kwetu ni mitaa mitatu tu. Nilifungua sanduku, nikatoa la bluu, likanibana kwapani, nikalivaa. Nadège ana miaka kumi na tano na mwaka ule alikuwa amerefuka kama mtu anayevutwa. Gauni lilimfika juu ya magoti. Akagoma. Akaona uso wangu. Akalivaa juu ya suruali ya jeans na tukatoka.

Mngeona familia ilivyorudi.

Shati la Gustave halikufunga. Vifungo vitatu vya katikati vilikataa, tumbo liko nje linasalimia watu. Baba mdogo mkubwa la kwake lina tundu la acide ya betri mgongoni, akaambiwa kwenye picha asigeuke. Mke wa baba mdogo wa pili alikuwa ameshageuza gauni lake kuwa pazia la jikoni. Alilishusha dirishani, akajifunga vile vile, na pete za pazia zinalia akitembea. Maman Grâce alipoziona zile pete, ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu jikoni. Alijizuia, ikashindikana.

Wakuu, tulikuwa tunachekesha, na tulikuwa wazuri. Sijui nielezeje.

Ikabaki shida moja. Gustave na mke wake walikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano. Noeli ya bluu alikuwa hajazaliwa. Mke wa Gustave akasema, basi akae bila, ni mtoto tu.

Maman Grâce akasema hapana.

Akafungua mkoba wake, akatoa kipande kirefu cha bluu kilichobaki aliposhona nguo za watoto. Alikuja nacho pamoja na sindano, endapo mshono ungeachia njiani. Akamchukua mtoto, akamzungushia kitambaa taratibu, mara mbili, akakichomeka ubavuni. Mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala.

Sote tulisogea kumtazama. Gustave na mdomo wake tena.

"Hii sasa," akasema, "iko mu Biblia."

Mama yangu alicheka mpaka akamshika mkono jirani yake. Nami nikacheka huku nalia. Picha ilipigwa hapo hapo, nusu yetu midomo iko wazi. Ninayo. Hakuna anayetazama mbele.

Tulikula, mvua ikaja, tukaingiza meza ndani, ikapita, tukazitoa. Watoto walitia matope kwenye nguo na hakuna aliyewagombeza, maana zilikuwa nguo kuukuu.

Jua likielekea kuzama Maman Grâce akaaga. Akapiga goti kidogo mbele ya mama yangu kama anavyofanya siku zote.

"Kambo, ku Kilwa nitaenda kusalimia. Masomo ikianza, tutarudia."

Mama hakupiga vigelegele, hakulia. Alimshika mkono, akakaa nao muda mrefu, mpaka Trésor akaanza kuvuta nguo ya mama yake.

"Ukirudia, ulete samaki," akasema.

Walileta. Wakavu, mfuko mzima, njia ilikuwa mbaya vile vile.

Mimi hakunisamehe siku hiyo. Nawaambia ukweli kwa sababu niliahidi. Alikuwa ananisalimia vizuri, ananiita Yaya, lakini ule utani wetu uliondoka. Nilikwenda Katuba karibu kila wiki, wakati mwingine nakaa tu namsaidia kuchambua mboga. Siku moja mwezi wa tano akaniambia sauti yangu kanisani inapoteza kwaya nzima. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama nimepewa zawadi.

Mwaka huu mwezi wa kumi tukakaa tena kwa mama kupanga Noeli. Kilio kimeisha, tulimwita. Akaja, akakaa karibu na Gustave, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mbele ya wote, "Mwaka huu kitenge nachagua miye."

Wote wakanigeukia mimi. Nikamwambia sawa.

Akaenda kwa Papa Séverin, akaanza ukurasa mpya. Kaandika mtu kwa mtu, kwa jina lake mwenyewe. Wake kwa majina yao, watoto kwa majina yao, hata mtoto wa Gustave. Majina ya waume yamo katikati ya wengine. Fundi analalamika kwamba daftari litaisha. Mwacheni alalamike.

Kitenge alichochagua ni cha njano, wakuu. Njano kali. Mimi na rangi yangu hii nikivaa njano naonekana mgonjwa, na anajua.

Sasa mnaobishana kuhusu maana ya Noeli, nitasema langu dogo.

Nilikuwa nayo maana kwenye karatasi tatu, na makofi nilipigiwa. Lakini mtu aliyekosa nafasi alikuwa wa nyumbani kwangu, na aliyemfungia ni mimi, tena kwa huruma. Sikumchukia hata siku moja. Nilimwonea huruma kiasi kwamba sikumuuliza kitu. Kama ningempigia simu moja tu, "Maman Grâce, unatakaje Noeli mwaka huu?", angenijibu, na asingetembea kwenye matope na watoto kuja kufanana na watu ambao hawakufanana naye.

Kwa hiyo mwenye mjane nyumbani, mwenye yatima, mwenye ndugu aliyeachika au aliyefukuzwa kazi, ambaye mmeamua kwa upendo kumwacha apumzike: mpigie leo. Muulize. Akisema anataka kupumzika, mwache. Ila awe amesema yeye.

Ni hayo. Tarehe kama ni ya kipagani au siyo, mtamuuliza Gustave, atawachosha.

Karibuni kwenye comment. Mwenye mawe arushe, nimeshazoea. Ila ningependa zaidi mnisimulie, kwenu nani aliachwa nje ya Noeli bila mtu kukusudia, na mlimrudishaje.

Nitawajibu jioni. Maman Grâce yuko mlangoni na futi shingoni, anasema nizime simu nisimame wima, maana vipimo vyangu vya mwaka jana haviamini.